Dalali wa huduma kamili au wa bei nafuu? Nna milioni 12, nipo Wete

BintiWete

Assalaam alaykum nyote.

Naomba ushauri wa wanaoijua kazi hii. Nna shilingi 12,000,000 ambazo sitazigusa kwa miaka kumi au zaidi, na kila mwezi naweza kuongeza 300,000. Nataka kununua hisa, kwanza za hapa nchini kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE), baadaye labda na za nje.

Madalali wawili wamenipa masharti yao. Wa kwanza ni wa huduma kamili: atanichagulia hisa, atanunua, ataziangalia na atanipigia simu pakiwa na jambo. Mbali na kamisheni ya kila oda, anataka 1.5% ya thamani ya mali yangu kila mwaka. Wa pili anapokea oda tu, uamuzi wangu mwenyewe. Kamisheni yake ni ya kawaida lakini oda moja haitozwi chini ya 10,000. Hapa Wete sijaona ofisi ya dalali, kwa hiyo kwa yeyote kati yao mambo yatakwenda kwa simu na baruapepe.

Hiyo 1.5% ni kubwa au ndogo? Na nikimchukua huyu wa bei nafuu, ni kitu gani khasa nitakikosa?

---

HesabuKwanza

Wa alaykum salaam dada.

Kabla ya bei, itenganishe kazi yenyewe. Dalali ana vitu vitatu vya kuuza: kuipeleka oda yako sokoni, kukushauri, na kukusimamia mali. Cha kwanza hukikwepi, maana mtu wa kawaida haingii sokoni ila kupitia mwanachama wa soko. Hata ukitumia programu ya DSE ya Hisa Kiganjani kwenye simu, oda inapita kwa dalali na kamisheni inakatwa. Ushauri na usimamizi ni hiari yako.

Wengi hudhani wanalipia pia kuhifadhiwa hisa zao. Dalali hazihifadhi. Hisa za DSE zimeandikwa kwa jina lako kwenye hifadhi ya kielektroniki inayoendeshwa na CSDR, kampuni tanzu ya soko. Dalali akifunga ofisi kesho, hisa zako zipo palepale na unaweza kwenda kwa mwengine na namba yako ya akaunti. Fedha taslimu ni jambo jengine kabisa. Pesa uliyomtumia na bado haijanunua kitu imo mikononi mwake. Basi usimpelekee milioni 12 zote "zikae tayari". Mpelekee ya oda unayoiweka, nyengine zibaki benki kwa jina lako.

Sasa hiyo 1.5%. Kwa milioni 12 ni 180,000 kwa mwaka wa kwanza, yaani 15,000 kila mwezi, soko lipande au lishuke. Tuseme hisa zako zinakua kwa 8% kwa mwaka, gawio (faida ambayo kampuni inawagawia wanahisa) likirudishwa ndani. Nachukua 8% kwa ajili ya hesabu tu, hakuna anayeweza kukuahidi. Bila ada hiyo, milioni 12 baada ya miaka kumi ni kama milioni 25.9. Ukitoa 1.5% kila mwaka unabaki na ukuaji wa 6.5%, na unapata kama milioni 22.5. Umelipa milioni 3.4. Endelea mpaka miaka ishirini: 55.9 dhidi ya 42.3. Pengo ni milioni 13.6, zaidi ya mtaji wote ulioanza nao. Ndiyo maana nasema 1.5% ni kubwa. Inaonekana ndogo kwa sababu inatajwa kama sehemu ya mali, wakati inakula sehemu ya faida: kwenye faida ya 8%, 1.5% ni karibu moja ya tano.

Kamisheni ya oda ina tabia tofauti, unalipa unapofanya jambo tu. Chukua mfano wa kamisheni ya 1.7% na makato mengine ya soko, mamlaka na hifadhi yakiwa jumla 0.36%, bado VAT. Kununua kwa milioni 12 kunakugharimu 247,200. Ukija kuuza yanakatwa tena. Kwa hiyo bei lazima ipande zaidi ya 4% ndipo urudishe pesa yako tu. Mtu anayenunua na kukaa miaka kumi hailipi hiyo ila mara mbili. Anayeuza na kununua kila baada ya miezi mitatu anailipa mara nane kwa mwaka, na hakuna dalali wa bei nafuu atakayemwokoa. Muulize huyo wa huduma kamili swali moja kwa maandishi: kwa mwaka uliopita, mteja wa kiasi changu mlimfanyia oda ngapi? Anapata ada ya mwaka na anapata kamisheni ya kila oda anayoiamua yeye mwenyewe. Hapo maslahi yake na yako yanagongana, hata awe mtu mwema kiasi gani.

Kuhusu kile kima cha chini cha 10,000: gawa 10,000 kwa 1.7%, unapata kama 588,000. Oda yoyote iliyo chini ya hapo unalipa zaidi ya 1.7%. Ukinunua kwa 300,000 kila mwezi unalipa 3.3%. Ukikusanya miezi miwili ukanunua kwa 600,000, umerudi kwenye kiwango cha kawaida. Na uulize kama hiyo 10,000 ni kwa oda au kwa kila siku ambayo sehemu ya oda imetekelezwa. Kwenye soko letu oda moja inaweza kujaa kwa siku tatu, leo hisa 200, kesho 50, keshokutwa zilizobaki. Akihesabu kwa siku, umelipa 30,000.

---

Mkunazini_Sokoni

HesabuKwanza amelimaliza la ada. Naongeza gharama ambayo haimo kwenye karatasi ya dalali yeyote, na kwa DSE mara nyingi ndiyo kubwa kuliko zote: bei unayonunulia.

Soko letu ni jembamba. Zipo kampuni zinazouzwa na kununuliwa kila siku, khasa benki kubwa kama CRDB na NMB, na zipo zinazopita siku kadhaa bila hata hisa moja kubadilisha mkono. Kwenye hizo, anayetaka kuuza na anayetaka kununua wamekaa mbali. Tuseme mnunuzi wa juu anatoa 620 na muuzaji wa chini anataka 650. Pengo la shilingi 30 ni karibu 5%. Kamisheni yote haifiki hapo.

Tazama mfano huu. Unataka hisa 5,000. Kwenye ubao wa wauzaji, yaani orodha ya oda za kuuza zinazosubiri sokoni, zipo 800 kwa bei ya 650, halafu 1,200 kwa 665, halafu 3,000 kwa 690. Ukimwambia dalali "ninunulie 5,000 kwa bei ya soko", atazizoa zote: 520,000, na 798,000, na 2,070,000. Jumla 3,388,000, wastani wa 677.6 kwa hisa. Ulidhani unanunua kwa 650, ambayo ingekuwa 3,250,000. Umepoteza 138,000 kwa neno moja tu la "bei ya soko", na kamisheni ya 1.7% kwa oda hiyo ni kama 57,600. Hasara ya oda mbaya imeizidi kamisheni mara mbili na zaidi.

Kwa hiyo ukimchukua dalali wa bei nafuu, jifunze jambo hili moja kabla ya mengine yote: kila oda iwe na kikomo cha bei. Unasema sitoi zaidi ya 650. Zikipatikana 800, nunua 800, zilizobaki zisubiri. Na oda iwe na mwisho wake, tarehe utakayotaka ifutwe. Oda isiyo na tarehe inasahaulika, kampuni inatoa habari mbaya, bei inaanguka, na oda yako ya zamani ndiyo inayotekelezwa kwanza.

Hapa ndipo dalali mzuri anapostahili pesa yake, awe wa huduma kamili au la. Anaona ubao, anajua kuna muuzaji mkubwa anayetaka kutoka, anakwambia subiri wiki. Kuna wengine wa bei nafuu ambao watakusomea ubao kwa simu ukiwauliza, na wapo wa huduma kamili wanaopeleka oda ya bei ya soko bila kuuliza. Jaribu wote wawili: piga simu, taja kampuni moja isiyouzwa sana, uliza mnunuzi wa juu anatoa ngapi, muuzaji wa chini anataka ngapi, na kila mmoja ana hisa kiasi gani. Anayekujibu papo hapo kwa tarakimu anaijua kazi.

Jambo la gawio nalo huwatoa watu machozi. Kampuni inatangaza tarehe ya kufunga daftari la wanahisa. Hisa zikiwa hazijaandikwa kwa jina lako kwenye daftari siku hiyo, gawio si lako, na kati ya siku ya kununua na siku ya kuandikwa kuna siku za kazi za ukamilishaji, yaani za kukabidhiana fedha na hisa. Dalali wa bei nafuu hatakukumbusha. Hakikisha pia namba yako ya benki kwenye akaunti ya hifadhi ni sahihi na bado inafanya kazi. Magawio mengi yasiyochukuliwa yamekwama kwa akaunti ya benki iliyofungwa au jina lililoandikwa tofauti na kwenye kitambulisho. Gawio la kampuni iliyoorodheshwa hukatwa kodi ya zuio ya 5%, kwa hiyo ukitangaziwa 100,000 tegemea 95,000.

---

BintiWete

Ahsanteni sana, sikujua kama hisa zinakaa kwangu na si kwa dalali.

Yamebaki mawili. La kwanza, za nje: nimeziona programu za simu zinazosema kamisheni ni sifuri. Kwa nini basi nilipe 1.7% Dar? La pili, nataka iwe halali. Dalali wa huduma kamili ananiambia hilo atalishughulikia yeye, na ndilo linalonivutia kwake.

---

Forodhani88

Dada, za nje nakujibu mimi, la halali nawaachia wengine.

Hayo majina mawili, dalali wa huduma kamili na wa bei nafuu, yametoka Marekani. Mpaka 1975 kamisheni kule ilikuwa moja kwa madalali wote, hakuna kushindana kwa bei. Tarehe 1 Mei 1975 viwango hivyo vya pamoja vikaondolewa, na wakatokea kina Charles Schwab waliokata ushauri na utafiti wakabaki na kupeleka oda tu, kwa bei ya chini. London walifika 1986. Oktoba 2019 Charles Schwab, TD Ameritrade na E*Trade wakashusha kamisheni ya hisa za Marekani hadi sifuri. Kwetu bei za madalali hazijapishana hivyo. Ndiyo maana hapa swali lako ni kama uongeze ada ya usimamizi au usiongeze, na kule swali ni tofauti.

Sifuri hiyo haina maana ya bure. Madalali wengi wa kule hulipwa na kampuni kubwa za biashara ya hisa kwa kuzipelekea oda za wateja. Wanapata kwenye riba ya fedha zako zinazokaa bila kununua kitu, wanapata kwenye mikopo, na kwa mtu wa nje wanapata pazuri zaidi kwenye kubadilisha fedha. Wewe una shilingi. Tuseme kubadilisha kuwa dola kunakula 2%, benki inatoza dola 40 kutuma, na benki inayozipitisha njiani inakata 20. Ukituma dola 500, hizo 60 tu ni 12%. Ukituma 5,000 ni 1.2%. Hapo ile 2.06% ya Dar (1.7% ya kamisheni na 0.36% ya makato) inaonekana rahisi. Kwa 300,000 zako za kila mwezi njia hii haifai kabisa, labda ukusanye mwaka mzima.

Kodi. Tanzania na Marekani hazina mkataba wa kuzuia kodi mara mbili, kwa hiyo gawio la hisa za Marekani linakatwa 30% kulekule: dola 100 zinakufikia 70. Utajaza fomu ya W-8BEN kuthibitisha wewe si mtu wa Marekani, na inaisha nguvu mwishoni mwa mwaka wa tatu baada ya mwaka ulioisaini. Watu huisahau. Na mali ya mgeni iliyoko Marekani, hisa zikiwemo, ikizidi dola 60,000 anapofariki, inaingia kwenye kodi ya urithi inayofika 40%. Uko mbali na kiasi hicho sasa, lakini atakayekurithi ndiye atakayekutana nayo.

Ulinzi: dalali wa Marekani akifilisika, SIPC, shirika la kule la kulinda wateja wa madalali, inamlinda mteja hadi dola 500,000, na ndani yake taslimu isizidi 250,000. Bei ya hisa ikianguka hakuna wa kukulipa. Na kutoa mtaji nje ya nchi kuna masharti ya sheria ya fedha za kigeni, haifanani na kumlipia mtoto ada ya skuli. Nenda benki yako uulize kabla ya kutuma, na upewe jibu kwa maandishi.

Ninalotaka ulisome mara mbili ni hili. Nyingi ya programu zinazotangazwa Instagram na WhatsApp kwa watu wa huku haziuzi hisa. Zinauza mkataba wa tofauti ya bei, CFD. Unaona jina la Apple au Tesla kwenye skrini, lakini humiliki hata hisa moja. Umewekeana dau na kampuni ya programu kuhusu bei, mara nyingi kwa mkopo, dola 100 zinashika kama 2,000. Bei ikirudi nyuma 5% zako zimekwisha. Mamlaka ya masoko ya Ulaya, ESMA, ilisema 2018 kwamba akaunti za wateja wa kawaida zinazopoteza fedha kwenye CFD ni kati ya 74% na 89%. Namna ya kuitambua: tafuta neno CFD kwenye masharti, tafuta ada ya kulaza usiku (ya kuliacha dau wazi mpaka kesho), na uliza kama unaweza kuzihamishia hisa zako kwa dalali mwengine. Jibu likiwa huwezi, hakuna hisa hapo.

---

Fuoni_Mhasibu

La halali.

"Nitalishughulikia mimi" haitoshi. Mwambie akuletee kipimo anachotumia. Kipimo kinachotumiwa sana ni cha AAOIFI, taasisi ya viwango vya fedha za Kiislamu, kiwango nambari 21: shughuli yenyewe ya kampuni iwe halali, madeni yake ya riba yasizidi 30% ya thamani yake sokoni, amana zake za riba nazo zisizidi 30%, na mapato yasiyo halali yasizidi 5% ya mapato yote. Halafu ile sehemu ndogo ya mapato isiyo safi unaitoa sadaka wewe, hairudi kwenye mkoba wako.

Ukiitazama orodha ya DSE kwa jicho hilo, kichujio cha kwanza tu kinaondoa benki za riba, na hizo ni sehemu kubwa ya biashara ya kila siku sokoni. Kinaondoa kampuni ya bia na ya sigara. Zinazobaki za kupimwa ni chache: saruji kama Twiga na Tanga, gesi za viwandani TOL, Swissport ya uwanja wa ndege, Vodacom, na chache nyengine. Sijasema zimefaulu. Nasema ndizo za kupeleka kwenye hesabu. Saruji inaweza kuwa na amana ya riba benki. Kampuni ya simu ina biashara ya fedha mtandaoni, lazima uione mapato yake yanatoka wapi. Ripoti ya mwaka ya kila kampuni inapatikana bure. Fungua mizania (ukurasa wa mali na madeni), tafuta mikopo na amana, kisha fungua taarifa ya mapato na maelezo yake utafute mapato ya riba. Kazi ya jioni moja kwa kampuni moja, na inarudiwa kila mwaka kwa sababu madeni hubadilika.

Sasa tizama: kampuni ni saba au nane, kazi ni jioni saba au nane kwa mwaka. Kulipia hilo 180,000 kila mwaka, tena ikipanda kadiri mali inavyokua, ni ghali. Ukikwama, mlipe mhasibu mara moja akuoneshe kwa kampuni moja, zilizobaki utafanya mwenyewe. Na penye shaka ya fiqhi mpelekee shekhe unayemwamini tarakimu zenyewe, maana kumuuliza "hisa halali?" kwa jumla hawezi kukujibu.

Jua pia kwamba baada ya kuchuja unabaki na kampuni chache na baadhi yake haziuzwi sana. Usiweke milioni 12 zote huko. Ipo Sukuk (dhamana isiyo ya riba) ya Serikali ya Mapinduzi iliyozinduliwa 2025, na dalali ndiye wa kumuuliza kama inapatikana kununuliwa sasa na kwa bei gani. Hatifungani za kawaida za serikali, yaani kuikopesha serikali, zile zinazoanzia milioni moja kwenye mnada wa Benki Kuu, ni za riba, kwa hiyo kwa sharti lako hazimo.

Na usikubali fomu yenye kipengele cha kununulia kwa mkopo. Wengine huweka alama mapema kwenye kisanduku hicho.

---

Kisiwandui

Wote hapo juu mmemkalia vibaya dalali wa huduma kamili, na kwa dada huyu nakubaliana nanyi. Lakini isije ikasomwa kama hana maana kwa mtu yeyote. Fedha za mayatima, fedha za chama cha akiba ambazo kamati inabadilika kila mwaka, mzee asiyesoma taarifa tena, mtu anayejijua kwamba bei ikishuka 30% atauza zote usiku huohuo: hao wanahitaji msimamizi, na 1% au 1.5% inaweza kuwa rahisi kuliko kosa moja. Sharti ni awe na leseni ya kazi hiyo. Leseni ya udalali haimpi mtu ruhusa ya kusimamia fedha za mwengine. CMSA, yaani Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, inatoa leseni mbalimbali kwa madalali, washauri wa uwekezaji na mameneja wa mifuko, na orodha iko kwenye tovuti yake. Dada, huyo wako wa kwanza anasema "nitakuchagulia na kununua". Angalia jina la kampuni yake kwenye orodha ipi. Ikiwa ni ya madalali tu, hilo analokuuzia hana ruhusa nalo.

Angalia pia atakavyokusukumia hisa mpya zinapotangazwa kuuzwa kwa umma mara ya kwanza. Kwa kawaida huko mnunuzi hatozwi kamisheni, kampuni inayouza ndiyo inayomlipa dalali kwa kila hisa aliyoipatia mnunuzi. Kwa hiyo anaposema "hii haina kamisheni kwako" ni kweli, na bado ana sababu yake ya kukushawishi. Soma mwenyewe waraka wa matarajio, yaani kitabu ambacho kampuni inaelezea hisa inazouza. Vodacom iliuzwa kwa 850 mwaka 2017, na walioishika baadaye waliiona bei sokoni ikiwa chini ya hapo.

Na la mirathi, kwa sababu hesabu za miaka ishirini bila mirathi hazijakamilika. Andika namba ya akaunti ya hifadhi, jina la dalali na namba ya benki kwenye karatasi, na mmoja wa nyumbani ajue iko wapi. Jina kwenye akaunti lifanane herufi kwa herufi na kitambulisho chako cha NIDA. "Asha Ali Juma" huku na "Asha A. Juma" kule ni miezi ya kuhangaika kwa warithi baina ya Kadhi, Kamisheni ya Wakfu na dalali.

---

BintiWete

Basi nimeelewa. Namchukua wa bei nafuu, nianze na kampuni mbili nitakazozipima mwenyewe, nikusanye miezi miwili miwili. Za nje nimeziweka kando. Oda ya kwanza niitume kwa baruapepe, niandike vipi ili asiniletee "bei ya soko"?

---

Mkunazini_Sokoni

Andika hivi, mstari kwa mstari, na kama oda imetolewa kwa simu bado tuma hii baada ya simu:

"Namba ya akaunti ya hifadhi: … Jina kamili kama lilivyo kwenye NIDA: … Nunua hisa … za kampuni … Bei isizidi shilingi … kwa hisa. Kuijaza nusu kunakubalika. Oda ifutwe mwisho wa siku ya Ijumaa tarehe … ikiwa haijajaa. Usibadilishe bei bila idhini yangu ya maandishi. Nitumie hati ya mkataba siku ileile inapotekelezwa."

Hati ya mkataba, yaani karatasi ya dalali ya kuonesha alichokununulia, ikifika, angalia vitu vinne: idadi, bei, kamisheni kwa asilimia, na makato mengine yakiwa yameorodheshwa kila moja peke yake. Yakiwekwa jumla moja, mrudishie akuchambulie. Halafu siku za ukamilishaji zikipita, omba taarifa ya akaunti kutoka kwenye hifadhi yenyewe, na usitosheke na ile ya dalali. Hisa zikiwa zimeonekana pale kwa jina lako, ndipo utume fedha za oda ya pili.